Kingipini ya lori na kingipini ya boulingi: nani kamkopa mwenzake jina?

#1 FundiSpana
Wakuu, salaam.

Jana usiku mdogo wangu alikuwa anatazama mashindano ya boulingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini, kwenye kompyuta, mimi nipo pembeni nafuta spana zangu. Mara namsikia mtangazaji anataja kingipini. Nikainua kichwa. Neno hilo nalijua tangu nikiwa saidia fundi wa kushika tochi: kingipini ni ule mche wa chuma unaounganisha ekseli ya mbele ya lori na stabu inayobeba gurudumu, na gurudumu hukata kona kwa kuuzunguka huo. Nimezigonga nyundo kingipini zilizogoma kutoka mpaka mkono ukafa ganzi. Sasa kwenye boulingi, ambako hakuna ekseli wala grisi, inatafuta nini?

Dogo akanijibu kwa dharau kwamba mafundi ndio tulioiba. Pini kubwa ya mchezoni ndiyo mfalme, eti, watu wa magari wakaja nyuma, wakaona chuma chao kimesimama wima kama pini, wakakibatiza. Mimi nasema kinyume. Chuma kinabeba lori zima, hicho ndicho kinachostahili ufalme. Pini ya boulingi kazi yake ni kuangushwa. Mfalme gani anasimamishwa ili apigwe?

Nawasilisha.

#2 TufeZito
Fundi, kwa hili dogo kakupiga bao. Pini za boulingi ziko 10, zimepangwa pembetatu: moja mbele, halafu mbili, tatu, nne. Kingipini ni namba 1, ile ya mbele inayokutazama usoni. Ukiikosa hiyo, straiki (kuangusha zote kwa tufe moja) usahau. Jina limetoka hapo, magari yalikuwa bado hayajazaliwa.

#3 SafuYaTatu
TufeZito, unacheza wapi wewe? Kingipini ni namba 5.

Fanya hesabu. Mtu wa mkono wa kulia akiliingiza tufe vizuri kati ya 1 na 3, tufe lenyewe hugusa pini nne tu: 1, 3, 5 na 9. Sita zilizobaki zinaangushana zenyewe. Namba 1 inaipiga 2, hiyo inaipiga 4, nayo inaipiga 7. Upande wa pili 3 inaipiga 6, na 6 inaipiga 10. Namba 5 ndiyo inayoiondoa 8. Tufe likiwa limechoka, likagonga 1 na 3 kisha likapinda njia, unaiona 5 imebaki imesimama katikati peke yake inakucheka. Kila mchezaji anaijua aibu hiyo. Namba 1 hata mtoto anaigusa.

#4 Mchochezi
Post ya tatu tu na wafalme wameshakuwa wawili. Nakaa mbele, nipeni kiti.

#5 DerevaWaUsiku
Watatu. Mmeisahau yangu.

Kwetu sisi wa matela, kingipini haiko kwenye ekseli. Ni ule mche ulioning'inia chini ya pua ya tela, unaoingia kwenye mdomo wa ile sahani ya chuma iliyopakwa grisi nyuma ya kichwa cha lori. Taya zinaubana, mzigo wote unavutwa na kitu kinene kama mkono wa mtoto. Ya kawaida ni inchi 2, yaani milimita 50.8, na ile ya mizigo mizito sana ni inchi 3 na nusu. Sisi tunaikagua kwa kipimo: shingo ya ile ya inchi 2 ikishalika chini ya milimita 49, haifai tena kubeba tela.

Nilishawahi kuunganisha gizani, nikasikia "klak", nikaamini masikio. Kumbe tela lilikuwa juu kidogo, kingipini imekaa juu ya taya badala ya kuingia ndani. Kutoka tu, tela likabaki nyuma, likakita pua chini mbele ya watu. Tangu siku hiyo nashuka na tochi, naingia uvunguni, naangalia taya kwa macho. Halafu nafunga breki za tela na kuvuta mbele kidogo kwa gia ndogo nione kama limeshika.

Kwa hiyo FundiSpana, kama ni suala la kubeba, yangu inaizidi yako.

#6 FundiSpana
Hapo sibishi, tela ni tela. Ila umenisaidia hoja: nyingine ya magari hiyo. Magari 2, boulingi 1.

#7 SafuYaTatu
Boulingi 2. Namba 1 ya TufeZito naihesabu kwa huruma.

#8 MwanaMihimili
Nasoma uhandisi wa mitambo, niruhusuni niingie. Mnabishana kuhusu lori na boulingi wakati mkubwa wao wote ni gari la farasi.

Gari la farasi la zamani, ekseli ya mbele ilikuwa inazunguka nzima nzima, magurudumu yote mawili pamoja, chini ya sanduku la mizigo. Ilizunguka kwenye boliti moja ya wima iliyopita katikati. Ukiing'oa boliti hiyo, farasi wanaondoka na ekseli, wewe unabaki na mizigo njiani. Hiyo ndiyo kingipini ya kwanza kwenye vyombo vya usafiri. Ilikuwa moja tu, na ilikuwa katikati. Ufalme wake una maana.

Baadaye likaja wazo la kuiacha ekseli itulie na kila gurudumu lipinde lenyewe kwenye mche wake. Ackermann ndiye aliyelivumbua, mwaka 1818. Hapo mfalme akagawanywa vipande viwili, kushoto na kulia, jina likabaki lile lile. Kingipini za FundiSpana ni watoto mapacha. Ya DerevaWaUsiku ndiyo iliyobaki na umbo la babu: moja, katikati, na chombo kizima kinaizunguka.

#9 Msahihishaji
Uzi mzuri, ila Ackermann hakuvumbua. Mvumbuzi ni Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich. Rudolph Ackermann alikuwa London, akamwakilisha na kuisajili hataza Uingereza mwaka 1818. Jina likamganda wakala.

#10 MwanaMihimili
Kweli, nimeteleza. Asante. Darasani tunasema "jiometri ya Ackermann" mpaka ulimi umezoea.

#11 Mchochezi
Kwa hiyo hata hapo jina limekwenda kwa asiyestahili. Uzi huu una laana.

#12 TufeZito
MwanaMihimili, hadithi tamu, lakini hujaonyesha kwamba boliti ya farasi ILIITWA kingipini kabla ya ile ya mchezo. Kitu kuwa cha zamani siyo jina lake kuwa la zamani. Watu walizungushia ekseli kwenye vijiti tangu enzi na enzi, wangeweza kuviita hata "kile kijiti".

#13 MsomaKamusi
TufeZito kagusa penyewe. Nimezitazama kamusi za historia ya maneno ya Kiingereza. Maana ya pini kubwa ya mchezo ilishaandikwa mwanzoni mwa karne ya 19. Maana ya mtu muhimu, yule anayeshikilia mambo yote, ni ya Marekani, nusu ya pili ya karne hiyo hiyo. Kwa magari ya farasi kuna na neno pacha, "boliti mfalme", na mafundi walikuwa wanachanganya hayo mawili.

Ila tahadhari. Mwaka wa kamusi ni mwaka wa karatasi ya zamani iliyopatikana. Mwaka wa mdomo haujulikani kwa njia hiyo. Wacheza pini waliandikwa kwa sababu michezo na kamari huandikwa magazetini na mahakamani. Nani alikuwa anaandika maneno ya mtu aliyelala chini ya gari la farasi na grisi usoni?

#14 FundiSpana
Nimeipenda hiyo ya mwisho. Hata sasa hakuna anayetuandika.

#15 SeremalaMkongwe
Vijana, mmesahau paa.

Kwenye kenchi kuna ule mti wa wima unaosimama katikati, kutoka kileleni kushuka hadi kwenye boriti ya chini. Waingereza wanauita nguzo mfalme. Kukiwa na miwili ya pembeni badala ya mmoja wa katikati, wanaiita nguzo malkia. Hayo ni maneno ya useremala, hayana boulingi wala farasi.

Ninavyoona mimi, hakuna aliyemkopa mwenzake. Lugha yao inalo zoea moja: kitu kikubwa au cha katikati kati ya wenzake kinaitwa mfalme. Seremala kaita nguzo yake, fundi wa magari boliti yake, mcheza pini pini yake, kila mmoja kivyake. Kama watoto watatu wa nyumba tatu wote wanaitwa Juma, huendi kutafuta nani kamwiga nani.

#16 MsomaKamusi
Mzee, nguzo mfalme ya kenchi hasa haibebi, inavuta. Inaishikilia boriti ya chini isilegee katikati. Lakini hoja yako ya akina Juma ni nzito, sina la kuipinga kwa sasa.

#17 SeremalaMkongwe
Najua inavuta. Nimezikata kwa msumeno kabla hujazaliwa. Nimeandika "inasimama", sikuandika "inabeba".

#18 MsomaKamusi
Samahani mzee. 🙏

#19 TufeZito
Hoja ya akina Juma naikataa. Pini na pini ni neno lile lile. Nguzo ni nguzo, boliti ni boliti, sawa. Lakini mfalme PLASI pini, kwenye vitu viwili tofauti, vyote vya wima? Hapo pana mkopo. Na mimi bado nasema mkopeshaji ni mchezo.

#20 KegeliNane_Tisa
Ngoja nilete na Wajerumani. Mchezo wao wa pini ni wa pini 9, zimepangwa kama almasi. Pini ya katikati kabisa inaitwa kwa Kijerumani "König", yaani mfalme. Ya katikati, siyo ya mbele. Walowezi wa Kijerumani waliupeleka mchezo huo Marekani, na hadi leo unachezwa sehemu chache za Texas kwa sheria tamu: pini ya katikati ni nyekundu, na ukiangusha zote tisa unapata 9, lakini ukiangusha nane za pembeni ukamwacha mwekundu amesimama peke yake, unapata 12.

Kwa hiyo FundiSpana, swali lako la "mfalme gani anasimamishwa ili apigwe" lina jibu. Kuna mchezo ambao mfalme akibaki hai unalipwa zaidi.

#21 SafuYaTatu
NIMESEMA MIMI. Katikati! Namba 5! TufeZito jitokeze hadharani.

#22 TufeZito
Taratibu. Hiyo ni ya pini 9. Kwenye pini 10 mpangilio umebadilika, almasi imekuwa pembetatu. Pembetatu haina "katikati" kama almasi. Mbele ndiko kulikobaki.

#23 MwanaMihimili
Inayo, na ni namba 5 haswa. Pini zinaachana inchi 12 kutoka kitovu hadi kitovu. Pembe za pembetatu ni 1, 7 na 10. Kituo cha uzito cha pembetatu kiko theluthi mbili ya njia kutoka kileleni kwenda chini. Safu ya tatu iko hapo hapo, na kati ya safu hiyo ni 5. Tena angalia majirani zake: 2, 3, 4, 6, 8, 9. Wote sita wako inchi 12 kutoka kwake, wamemzunguka kama duara. Hakuna pini nyingine iliyozungukwa hivyo. Namba 1 ina majirani wawili tu.

#24 Mchochezi
TufeZito kimya. Tumpelekee maji.

#25 TufeZito
Nipo. Jiometri nimeikubali. Lakini nendeni mkafungue kamusi za kawaida, nyingi zinasema kingipini ni pini ya mbele. Nyingine zinasema ni namba 5. Wachezaji wenyewe wamegawanyika. Hivyo msinifanye mimi mjinga wa pekee, wajinga ni wengi.

#26 KegeliNane_Tisa
Hilo la kugawanyika ni kweli, na nadhani sababu ni huko kuhama kutoka almasi kwenda pembetatu. Wengine walihama na jina likabaki katikati, wengine wakampa yule wa mbele kwa kuwa ndiye anayepigwa kwanza. Kuna hadithi inapendwa sana kwamba Connecticut walipiga marufuku pini 9 mwaka 1841 kwa sababu ya kamari, watu wakaongeza pini ya kumi ili kuikwepa sheria. Marufuku ni ya kweli. Hiyo ya kwamba pini ya kumi ilizaliwa kwa ujanja huo, wanahistoria wanaitilia shaka.

#27 WiliNdogo
Habari za humu. Mimi nacheza ubao wa magurudumu, ule wa kuteleza na kuruka ngazi. Na sisi tunayo kingipini! Ni boliti kubwa inayopita katikati ya ekseli ya ubao na mipira miwili ya kubonyea. Ukikaza nati yake ubao unakuwa mgumu kukata kona, ukilegeza unakata upesi ila kwenye mteremko mkali unaanza kutetemeka kushoto kulia mpaka unakurusha. Nina kovu la kiwiko kama ushahidi. Hiyo mnaihesabu wapi?

#28 DerevaWaUsiku
Hiyo ni ya magari. Ina magurudumu.

#29 FundiSpana
Magari 4 sasa, na ya farasi. Dogo nimemwonyesha, kanuna.

#30 GariNiLangu
Wadau, samahani nauliza kama mgeni. Gari langu dogo la kawaida kingipini ziko wapi? Nimeangalia uvunguni sioni.

#31 FundiSpana
Huna, ndugu. Magari mengi madogo yaliachana nazo zamani. Una boljointi, pengine ya chini tu, na juu shokapu lenyewe linazunguka na gurudumu. Kingipini utazikuta kwenye malori, mabasi na matrekta, zile zenye ekseli ya mbele ya mche mmoja wa chuma.

#32 MwanaMihimili
Na hapa ndipo pananichekesha. Chuma kimeondoka lakini jina halijaondoka. Ukipeleka gari hilo kupima wili alaimenti, kuna pembe inaitwa mlalo wa kingipini. Inapimwa kwenye mstari wa kufikirika unaopita boljointi ya chini na sehemu ya juu ya shokapu. Mstari huo umeinamia ndani ukitazama gari kutoka mbele. Ndio unaosaidia usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, kwa sababu ukikata kona pua ya gari inanyanyuka kidogo, na uzito wake unataka kushuka. Mfalme hayupo, kiti chake bado kinaamrisha.

#33 MsomaKamusi
Kwa hiyo orodha ina kingipini ya chuma, ya mti, na ya hewa.

#34 Kashkashi
Na ya gerezani. Mbona hakuna anayeitaja ile ya habari? Wakikamata bosi wa dawa za kulevya, vyombo vya Kiingereza vinamwita kingipini. Marekani wana hata sheria ya mwaka 1999 ya kuzuia mali za wauzaji wa dawa za kulevya wa nchi za nje, watu wanaiita kwa kifupi Sheria ya Kingipini. Huyo bosi katoka lori au katoka boulingi?

#35 SafuYaTatu
Boulingi, wazi kabisa. Ukimwangusha yeye, waliomzunguka sita wanaanguka. Rudini kwenye post ya MwanaMihimili.

#36 DerevaWaUsiku
Lori. Ukimng'oa yeye, kichwa kinakwenda huku na mzigo unabaki kule. Mtandao umekatika. Rudini kwenye post YANGU.

#37 MsomaKamusi
Kamusi nazo hazijakubaliana. Kuna wanaoipeleka maana ya mtu kwenye mchezo, na kuna wanaosema ya siku hizi imeegemea zaidi ile boliti kuu ya mtambo. Pengine msemaji wa kwanza alikuwa na zote mbili kichwani, au alikuwa hana hata moja.

#38 Kashkashi
Ushahidi wa kuishi unaipinga boulingi lakini. Bosi mmoja akikamatwa, waliomzunguka hawaanguki. Wanagombania kiti.

#39 SafuYaTatu
Basi huyo alikuwa namba 1, siyo namba 5. 😂

#40 TufeZito
Nimeiona hiyo.

#41 LughaHai
Naomba kuuliza la Kiswahili. Tukitaka neno letu tuseme nini? "Pini mfalme" haliniingii. Halafu pini lenyewe ni la kukopa, ingawa kipini cha puani na mpini wa jembe ni vyetu na havina undugu nalo.

Bosi wa dawa za kulevya tunaye tayari: papa. Na wadogo wake ni dagaa. Taswira imetoka baharini, na ni kali kuliko yao, maana papa anakula, pini haili.

#42 SeremalaMkongwe
Kigogo.

#43 LughaHai
Mzee, fafanua.

#44 SeremalaMkongwe
Gogo ni mti ulioangushwa. Kigogo ni kipande chake. Na kigogo ni mtu mkubwa mwenye nguvu zake serikalini au kwenye biashara. Pini ya boulingi ni nini? Kipande cha mti kilichochongwa. Kwa hiyo kwenye boulingi kigogo ni kigogo mara mbili, na kazi yenu ni kumwangusha kigogo. Mnataka nini zaidi?

#45 LughaHai
Nimesimama kupiga makofi. 👏 Tatizo ni la FundiSpana, chuma chake hakiwezi kuwa kigogo.

#46 FundiSpana
Hakiwezi. Nikimwambia saidia fundi "niletee kigogo" ataniletea kabari ya kuwekea nyuma ya tairi. Tena atakuwa sahihi.

#47 MwanaMihimili
Kwa chuma napendekeza mhimili. Ni kitu kinachoshikilia na pia ni kitu kinachozungukwa, dunia inazunguka kwenye mhimili wake.

#48 LughaHai
Mhimili umeshabeba mzigo mwingi. Bunge ni mhimili, mahakama ni mhimili. Ukisema "mhimili wa tela umekatika" mtu atauliza upi, na kama waziri yumo ndani.

#49 Mchochezi
Wakati nyie mnatafuta neno, kila gereji wanasema kingipini na wanaelewana. Acheni neno lifanye kazi.

#50 LughaHai
Linafanya, sijalifukuza. Nilitaka tu kujua kama lina ndugu nyumbani.

#51 LoriDogo88
Wakuu, uzi umenikuta pabaya. Nina lori dogo, ekseli ya mbele ya mche mmoja. Likipita kwenye mashimo mbele linagonga "tok tok", usukani unacheza, na tairi la kushoto linalika upande mmoja. Fundi wa kwanza aliniambia beringi, nikabadilisha, mlio uko pale pale. Hela imekwenda.

#52 FundiSpana
Pole. Hilo ni kosa linalofanyika sana, hata mimi nimeshalifanya na nikamrudia mteja kwa aibu. Fanya hivi kabla hujanunua kitu tena. Weka kabari tairi za nyuma, piga jeki mbele mpaka tairi linyanyuke, weka stendi. Shika tairi juu na chini, litikise kwako na mbali nawe. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki aishikilie, kisha litikise tena. Breki inaunganisha gurudumu na stabu viwe kitu kimoja. Mchezo ukiisha, ni beringi. Mchezo ukibaki, ni kingipini na bushi zake.

#53 DerevaWaUsiku
Na aulizwe mara ya mwisho alipiga lini grisi. Zile nipo mbili, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, ya juu na ya chini, watu wanapaka za kwenye propela halafu hizi wanazisahau. Zikishaziba, grisi haiingii hata ukipampu mpaka kesho.

#54 FundiSpana
Na ukipampu fanya ukiwa umenyanyua ekseli, uzito usiwe juu ya bushi, ili grisi izunguke kote. Ukiona ya zamani nyeusi inatoka pembeni, imepita.

#55 LoriDogo88
Nipo uvunguni sasa hivi. Nipo ya chini haipo kabisa, kuna tundu tu limejaa udongo.

#56 DerevaWaUsiku
Jibu umeshalishika mkononi.

#57 FundiSpana
Utakapoitoa, tafadhali ondoa kwanza ile pini ndogo ya kufungia, imepita ubavuni mwa jicho la ekseli na kuibana kingipini isizunguke. Watu wanaisahau hiyo, wanagonga kingipini nyundo kutwa nzima, na inaota kichwa kama uyoga, halafu haitoki tena milele. Na usiikaribishe moto ekseli yenyewe. Chuma hicho kimefuliwa na kupikwa kwa kipimo, ukikipasha ovyo unakidhoofisha.

#58 SeremalaMkongwe
Kumbe mfalme wenu ana mlinzi mdogo ubavuni.

#59 TufeZito
Na kwenye boulingi hana mlinzi. Ndiyo maana anaanguka.

#60 SafuYaTatu
Ana sita.

#61 LoriDogo88
Nimerudi. Dogo wangu amekanyaga breki, nimetikisa. Mchezo uko pale pale.

#62 FundiSpana
Basi ni kingipini. Badilisha ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, na bushi zake zichongwe zilingane na pini mpya.

#63 Mchochezi
Namba 1 au namba 5?